Jina Lake Lilikuwa Kazini

Mimi ni mtu wa kuwaka haraka, na yeyote aliyefanya kazi nami Lodwar mwaka wa 2012 atakwambia hivyo kabla hujamaliza kuuliza. Wakati huo kilichokuwa kikiniwasha zaidi ya jua lilikuwa jambo moja, paswadi.

Nilikuwa nimehama kutoka Bungoma nikaajiriwa na shirika dogo lililohudumia watoto wenye utapiamlo. Kazi yangu ilikuwa kutunza rejista. Haikuwa daftari, ilikuwa sistimu ya kompyuta niliyoiandika mwenyewe, inayofunguka mahali pale pale mtu anapofungulia intaneti. Kila mtoto alikuwa na ukurasa wake: uzito, kipimo cha mkono, na idadi ya pakiti za njugu za kusagwa alizopewa wiki hiyo. Ukurasa ukiwa wazi, mtoto anapewa pakiti. Ukurasa ukifungwa, hapewi, na nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Ofisi kuu ilikuwa Lodwar, lakini kituo chenye shughuli nyingi kilikuwa Kakuma, kikipokea watoto wa wakimbizi kutoka kambini pamoja na watoto wa Waturkana wa vijiji vya karibu.

Mwanzoni kila mfanyakazi nilimpa paswadi yake. Wiki mbili hazijaisha nikasikia kwamba Kakuma paswadi ya mtu mmoja imeandikwa ukutani kwa kalamu ya wino, juu ya mtungi wa maji, na wote wanaingia nayo. Nilipiga simu nikafoka. Muuguzi aliyepokea alinijibu kwa upole kwamba akina mama wako kwenye foleni tangu alfajiri, watoto wanalia, na vumbi limekwamisha vitufe vitatu vya kibodi, kimojawapo kikiwa ndani ya paswadi yake. Isitoshe, akasema, pale kwao mtu akimficha mwenzake neno la kufungulia kazi anaonekana ana roho mbaya. Nikafoka tena kidogo na kukata simu.

Shida ilikuwa kwamba sasa hakuna aliyejua nani kafanya nini. Meneja wetu Lodwar alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, mwenye swali moja tu maishani: nani? Nani ameandika kilo sitini kwa mtoto wa mwaka mmoja? Nani ameingiza pacha mara tatu? Rejista ilimjibu jina lile lile kila mara, la yule wa ukutani, ambaye wakati mwingine alikuwa likizo kwao Lokori na hajagusa kompyuta mwezi mzima.

Nililifikiria jambo hilo siku kadhaa, nikila wali bila kuutazama. Kisha nikaona mwanga. Kwa nini nimuulize mtu yeye ni nani ilhali kompyuta anayoitumia inamjua? Kila mfanyakazi alikuwa na laptopu aliyoitilia sahihi, na kila laptopu, ikiwashwa, hufunguka kwa jina la mwenyewe. Nikaifundisha rejista ilisome jina hilo kimyakimya. Mtu anawasha, anafungua rejista, anaanza kazi. Haandiki paswadi wala chochote, na chini ya kila alichoingiza panabaki jina lake, saa na dakika. Na kwa kuwa sikutaka kubakiza kizingiti hata kimoja, nilizipanga laptopu zote za Kakuma zifunguke zenyewe bila kuuliza neno.

Lodwar ilikwenda vizuri mno. Wafanyakazi wa Lodwar walikuwa watu wa ofisi hasa, kila mmoja na meza yake, kikombe chake ambacho ole wako ukikigusa, na laptopu anayoifungia kwenye droo hata akienda msalani. Meneja aliniita mbele ya wageni kutoka Nairobi akanipongeza, nami kichwa kikavimba. Jioni hiyo nilitembea hadi kwenye duka la Msomali ninakonunua maziwa ya unga nikijiona mtu aliyevumbua umeme.

Kila mwisho wa mwezi nilitoa orodha ya nani ameingiza watoto wangapi. Kwa upande wa Kakuma, jina moja lilikuwa juu ya mengine kwa mbali. Lilikuwa la karani wetu wa mapokezi, ambaye pia alipima watoto, mama wa Kikongo aliyekimbilia kambini miaka mingi kabla, umri wa mama yangu mdogo, kitenge safi kila siku iendayo kwa Mungu. Sote tulimwita Mama tu. Aliwajua wanawake wa foleni kwa majina ya watoto wao, Wakongo, Wasomali, Wasudani na Waturkana, na mtoto aliyemlilia muuguzi hakumlilia yeye. Nilipokwenda Kakuma kwenye mkutano wa mwezi nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikasoma idadi yake, nikawaambia wengine waige mfano. Walipiga makofi huku wakicheka. Yeye aliinamisha kichwa, akasema asante, akaketi. Nilidhani ni haya.

Mwaka wa 2013 ulikuja na mvua, na baada ya mvua likaja balaa. Asubuhi moja wanawake wawili wa Kiturkana walifika kituoni Kakuma kwa miguu, kutoka upande wa Lokichoggio, watoto mgongoni. Muuguzi akafungua kurasa za watoto wao, akakuta zimefungwa. Sababu: amepona. Akawatazama wale watoto, ambao mbavu zao ungeweza kuzihesabu ukiwa mlangoni, akapiga simu Lodwar.

Nilifungua rejista nikiwa nimesimama. Hawakuwa wawili. Walikuwa watoto kumi na wanne, wote wamefungwa Ijumaa moja mchana, ndani ya nusu saa, wote wameandikiwa amepona, na hakuna hata mmoja aliyepimwa siku hiyo. Chini ya kila ukurasa jina lilikuwa moja, la Mama. Muuguzi alizifungua kurasa zote upya kabla simu haijakatwa, na wale wawili wakaondoka na pakiti zao. Kwa watoto hao, namshukuru Mungu, mambo yaliishia hapo.

Kwa Mama ndipo yalipoanzia. Wale kumi na wanne wote walikuwa Waturkana. Nafasi katika mpango wetu hazikuwa nyingi, na wiki iliyofuata zilijazwa, baadhi na watoto kutoka kambini. Huhitaji kuishi Kakuma muda mrefu kujua maana ya karani mkimbizi kuwafunga watoto wa wenyeji ili apate nafasi za watu wake. Meneja alikuwa na hofu ya kweli kwamba habari zikifika kwa chifu, kituo kitafungwa, na pengine watu wataumia. Aliuliza swali lake. Nami nikamjibu kwa kuchapisha karatasi tatu zenye jina, saa na dakika.

Nitasema jambo linaloniaibisha. Nilipozichapisha karatasi zile nilisikia fahari. Sistimu yangu ilikuwa imeulizwa nani, na imejibu. Halafu hasira ikafuata, kwa sababu nilikuwa nimemsifu mwanamke huyu mbele za watu, na sasa ananifanya mjinga. Nikampigia simu mwenyewe, ingawa haikuwa kazi yangu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema Ijumaa hiyo mchana hakuwapo, alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya kama kila Ijumaa, na ruhusa alipewa na muuguzi. Nikamwambia kompyuta yake haikwenda kwaya.

"Madamu," akasema, "miye sikubafunga batoto."

"Mama, jina lako ndilo liko hapa. Mara kumi na nne."

"Jina ni yangu," akasema. "Mukono haiko yangu."

Alitaka kuendelea, nikamkatiza, nikamwambia kwamba kompyuta haina chuki na mtu, haina kabila wala haina sababu ya kusema uongo. Mpaka leo nikikumbuka sauti niliyoitumia natamani ardhi inifiche. Siku iliyofuata alipewa barua ya kukaa nyumbani mpaka kikao cha Jumanne, ambacho kila mtu alijua kitamwachisha kazi. Barua ilisema tu makosa ya kikazi. Wenzake hawakuambiwa zaidi ya hapo, kwa kuwa meneja aliogopa maneno. Maneno, hata hivyo, hayakusubiri ruhusa yake.

Jumatatu niliondoka Lodwar na gari la ofisi kwenda Kakuma. Nilitaka kuichukua kumbukumbu kutoka kwenye mashine kuu ya huko yenyewe, inayohifadhi kila kinachoingizwa, asije mtu kwenye kikao akasema nakala ya Lodwar ina kasoro. Nilikuwa nimejiandaa kama wakili. Tulifika mchana, mgongo unaniuma kwa mashimo, mlinzi akanisalimu kwa Kiturkana, ejok, nikaitikia bila hata kumtazama.

Chumba cha kazi Kakuma kilikuwa kimoja, kirefu, na meza nne. Kwenye pembe, chini ya kitambaa cha kuzuia vumbi, ilikuwapo mashine kuu, iliyotumia umeme wa sola. Sola ile ilitosha mashine hiyo na kisanduku cha mtandao tu. Vingine vyote, feni, friji ya dawa na laptopu, vilitegemea jenereta. Nikaketi pembeni, nikaunganisha laptopu yangu, nikafungua ule ukurasa unaoonyesha nani anafanya nini saa hiyo hiyo. Kiti cha Mama kilikuwa kitupu, na mtu alikuwa amekiwekea sanduku la glavu.

Saa saba kamili jenereta likazimwa, kama kila siku, ili mafuta yafike mwisho wa wiki. Feni zikazunguka polepole zikasimama. Kazi iliendelea. Dakika chache baadaye laptopu ya muuguzi ikazimika, akaifunika bila kulalamika. Ikafuata ya mtunza stoo. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye orodha yangu, ninanakili.

Saa saba na dakika ishirini jina la Mama likatokea kwenye orodha.

Mtoto amepimwa, uzito umeingizwa, jina la Mama. Nusu dakika, mtoto mwingine, jina la Mama. Damu ilinipanda. Nilidhani amerudi kwa mlango wa nyuma, amekaa mahali anachezea rejista kabla ya kikao. Nilisimama nikatazama huku na huku. Kiti chake bado kilikuwa na sanduku la glavu. Jina likatokea mara ya tatu.

Nikauliza kwa sauti iliyowashtua watoto, Mama yuko wapi. Muuguzi akaniangalia kwa mshangao, akasema yuko nyumbani, si mlimsimamisha nyinyi. Nikauliza ni nani basi anayeingiza watoto sasa hivi kwa jina lake. Akanyanyua laptopu iliyokuwa mbele yake, kwenye meza ya kupimia, akanigeuzia. Ilikuwa laptopu ya Mama.

Walinieleza bila wasiwasi wowote, kama watu wanaomweleza mgeni choo kiko wapi. Laptopu zao zilikuwa kuukuu, betri zake haziwezi hata saa moja. Ya Mama ilinunuliwa mwisho, betri yake inafika jioni. Kwa hiyo jenereta likizimwa wanatumia ya Mama, inapita kutoka meza hadi meza, kila mwenye foleni ndefu anapewa. Wamefanya hivyo tangu laptopu ilipofika. Hata nilipomsifu Mama kwenye mkutano ule, walidhani nafanya mzaha juu ya betri, ndiyo maana walicheka. Mama mwenyewe alijua si kazi yake yote, lakini, muuguzi akasema, wewe madam ulikuwa umefurahi sana, angekukatiza vipi.

Niliketi. Mama alikuwa nyumbani kambini, amesimamishwa, amekula au hajala sijui, na jina lake lilikuwa hapa likifanya kazi vizuri tu. Nilikuwa nimeunda kitu kinachojua kila kompyuta ni ya nani, nikakiamini kwamba kinajua ni nani ameketi mbele yake. Lodwar vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja. Kakuma havikuwa, na mimi sikuwahi kukaa Kakuma mchana hata siku moja mpaka jenereta likazimwa. Mikutano yangu yote iliisha saa sita nikapanda gari.

Lakini bado kulikuwa na watoto kumi na wanne, na mkono fulani uliowafunga. Nikauliza chumba kizima swali ambalo, niligundua nikiwa katikati ya kuliuliza, hakuna mtu aliyekuwa ameliuliza pale tangu mambo yaanze. Nilitaja ile Ijumaa, nikauliza nani aliwafunga watoto wa upande wa Lokichoggio.

"Ni mimi, madam," akasema mpimaji wetu wa vijijini.

Alikuwa Mturkana wa rika langu, mrefu, aliyekwenda vijijini kwa pikipiki na mizani mgongoni, na wiki nzima iliyopita alikuwa huko. Alisema hivyo huku akifunga mkanda wa mizani, wala hakuonyesha dalili ya kuficha kitu.

"Hiyo watoto mimi ndio nilifunga," akaendelea. "Mvua ilinyesha, watu yao ilihama na mbuzi. Nilifika pale nikapata majivu tu. Sasa nafasi itakaa bure na wengine wanangoja?"

Nikamuuliza kwa nini aliandika wamepona. Akaja, akanichukulia laptopu ya Mama, akafungua ukurasa wa mtoto, akabonyeza pale pa kufungia. Yakatokea maneno mawili ya kuchagua, na yote mawili niliyaandika mimi, mezani kwangu Lodwar: amepona, amefariki. Hapakuwa na la tatu.

"Nikiandika mtoto mzima amekufa," akasema, "hiyo ni kumwitia kifo. Nikachagua ile nyingine."

Mimi natoka Bungoma, ambako mtu akihama hubeba hadi mlango, na jirani anajua miezi mitatu mapema. Ilikuwa haijanipitia akilini kwamba mtoto anaweza kuondoka kwenye rejista kwa sababu mbuzi wa baba yake wameona majani upande mwingine. Hapa hilo hutokea kila mvua. Wale wanawake wawili walirudi kwa sababu majani ya huko yaliisha upesi, basi.

Nikamuuliza, kwa sauti ndogo sasa, kwa nini hakusema lolote Mama aliposimamishwa. Akasema hakujua ni kwa jambo hilo. Barua ilisema makosa ya kikazi, na watu wakasema mengine.

"Mngeuliza tu," akasema.

Nililia. Sitaki kulipamba jambo hili. Nililia mbele ya foleni ya akina mama, na kilikuwa kilio cha mtu aliyeshikwa mkono hatua moja kabla ya kutumbukia, kwa sababu kikao kilikuwa kesho asubuhi, na karatasi zangu tatu zilikuwa zimeshabanwa vizuri kwenye faili. Muuguzi alinipa maji. Mtoto mmoja, aliyekuwa akilia tangu nifike, alinyamaza kunitazama.

Simu ilishika vizuri karibu na tangi la maji tu, kwa hiyo nilikwenda pale nikampigia meneja. Nilimweleza yote bila kupumua. Nikamsikia akishusha pumzi ndefu, akasema asante Mungu, akasema tena. Halafu, kwa mazoea, akauliza kosa hili basi tuliandike ni la nani.

"Langu," nikasema.

Na ajabu ni kwamba sikuona ugumu wowote kulisema. Nilihisi mwili mwepesi, mwepesi kuliko siku ile niliyopongezwa mbele ya wageni.

Sistimu niliitengeneza upya baadaye, majuma kadhaa. Niliongeza neno la tatu, amehama, na likawa linalotumika zaidi ya yote mvua zikinyesha. Paswadi sikuirudisha. Niliwapiga wafanyakazi wote picha, na ikawa laptopu ikiachwa dakika chache au ikipita meza nyingine, rejista inaonyesha nyuso zao zote na kungoja. Unabonyeza uso wako, unaendelea. Meneja alisema mtu anaweza kubonyeza uso wa mwenzake. Nikamjibu kwamba anaweza, lakini hapo atakuwa amedanganya yeye mwenyewe, wala hatasingiziwa mwingine na laptopu. Akalitafakari jambo hilo siku mbili, akakubali. Mpimaji alilalamika kwamba picha yake imemtoa masikio makubwa, na ni kweli.

Lakini siku ile ya Jumatatu, kabla ya hayo yote, nilikuwa na safari moja zaidi. Mpimaji alinipeleka kwa pikipiki hadi kambini, kwenye nyumba ya Mama. Tulimkuta nje, kwenye kivuli cha ukuta wa udongo, akichagua mchele. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, na yote yakanitoka. Nilimwambia tu kwamba si yeye, kwamba nimejua, kwamba barua imefutwa na arudi kazini kesho, na kwamba aliponiambia ukweli kwenye simu sikumsikiliza, naomba anisamehe.

Nilitegemea atafurahi. Hata alie kidogo, nilie naye. Mama aliendelea kuchagua mchele. Akasema asante Yesu, polepole. Kisha akauliza kama nimekwisha kula, akamtuma jirani alete kiti. Alipoona nimekaa ndipo akasema lililokuwa moyoni. Kazi alikuwa anaitaka, ndiyo. Lakini Jumamosi alikwenda sokoni, akakutana na mwanamke wa Kiturkana ambaye mtoto wake amempima tangu akiwa na miezi minne, na mwanamke yule alivuka njia ili wasipishane.

"Bamama banasema miye nachukia batoto yabo," akasema. "Kama narudi, nani atanipatia mutoto nimupime?"

Nikasema meneja ataandika barua nyingine, yenye muhuri. Akatikisa kichwa. Hao akina mama hawasomi barua za Lodwar. Yeye alitaka karatasi moja, na alitaka isomwe mbele ya foleni, Jumatano, siku ya kupima, wote wakiwapo.

"Nani aisome?" nikauliza.

"Ule mwenye alisema ni miye," akajibu, akamwaga mawe machache ya mchele kando.

Niliiandika usiku huo huo kwa mkono, kwa sababu jenereta lilikuwa limezimwa, na niliifuta mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandika. Mwishoni nikatia majina yangu yote matatu.

Jumatano asubuhi foleni ilizunguka kituo hadi nyuma ya tangi. Mama alisimama mlangoni kwa kitenge chake cha manjano, mikono ameikunja. Nilisimama kwenye ngazi nikasoma sentensi moja moja, na mpimaji akazigeuza kwa Kiturkana, kisha mama mmoja wa foleni akazigeuza kwa Kisomali bila kuombwa. Nilisema mwanamke huyu hakufunga mtoto yeyote. Nilisema mashine niliyoiunda mimi ilimtaja yeye, nami nikaiamini mashine bila kumuuliza mtu. Nilipofika pale watoto walipofungwa kwa sababu familia zilihama, mpimaji aliongeza maneno yake mwenyewe, marefu kuliko yangu, akijipiga kifua, na wanawake wakamcheka sana. Mmoja alimwuliza kitu kilichomfanya akune kichwa. Sijui walisema nini, lakini baada ya kicheko hicho nyuso zililegea.

Nilipomaliza, mmoja wa wale wawili waliotembea kutoka upande wa Lokichoggio akamfungua mtoto mgongoni, akapanda ngazi, akanipita mimi na muuguzi, akamkabidhi Mama. Mama akampokea, akamwita kwa jina, akaingia naye ndani kwenye mizani.

Nilikuwa naikunja karatasi yangu nikidhani nimemaliza. Mama akatoa kichwa mlangoni, mtoto begani, akanionyesha kwa kidevu kundi la wanawake waliokuwa ndiyo kwanza wanafika, vumbi hadi magotini, wakiuliza wenzao kuna nini.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Saa nne lilipokuja kundi la mwisho nikasoma mara ya tatu, na mara hiyo sikuitazama karatasi.